Nani Aliyemwua Ndovu?

Liko swali tulilowapa watoto wa darasa la saba siku moja baada ya hesabu. Tulidhani watalijibu upesi, kisha waende zao kucheza. Swali lenyewe ni hili: Ndovu ameonekana amekufa porini, uso wake umepasuliwa kwa shoka, pembe hazipo. Nani aliyemwua?

Watoto walijibu kwa sauti moja, "Aliyempiga risasi." Tukawauliza tena: Je, aliyemwonyesha njia? Aliyemwuzia chakula? Aliyezibeba pembe? Mwenye gari? Mwenye kupiga muhuri bandarini? Mwenye kununua? Hapo darasa likagawanyika, hawa wakisema hivi na hawa vile, hata kengele ikalia wala hapana aliyeondoka. Mwisho msichana mmoja, ambaye si msemaji, aliinuka akauliza, "Na yule aliyejua akanyamaza, Mwalimu, yeye yuko upande gani?"

Hatukumjibu siku ile. Tulisema muda umekwisha. Leo twataka kumjibu, tena mbele yenu nyote, kwa kuwa swali lile halikuwa la watoto peke yao.

Kwanza na tutazame habari yenyewe, maana hapana hukumu ya haki pasipo kujua. Katika mwaka 1976 ndovu wa pori la Selous na nchi zilizo kandokando yake walihesabiwa kupita 100,000. Katika miaka ya 1980 waliuawa kwa wingi sana. Mwaka 1989 Serikali ya Tanzania ikapeleka askari porini katika kazi iliyoitwa Operesheni Uhai, na mwezi wa Oktoba mwaka ule ule mataifa yakakutana mjini Lausanne, Uswisi, yakapatana kuikataza biashara ya pembe kati ya nchi na nchi. Ndovu wakapumzika, wakaongezeka. Kisha wakashambuliwa mara ya pili. Hesabu ya mwaka 2013 ilionyesha kwamba katika Selous wamebaki 13,000 hivi. Katika Tanzania nzima, mwaka 2009 walikuwa yapata 109,000. Mwaka 2014 walikuwa yapata 43,000. Fanya hesabu hiyo kama tunavyowafundisha watoto: wamepungua 66,000 katika miaka 5. Gawanya kwa siku, utaona ni 36 kila siku, Jumapili na sikukuu pia. Wako waliokufa kwa uzee na kwa maradhi, lakini wengi mno waliuawa kwa ajili ya pembe.

Wengine hudhani kwamba pembe yaweza kukatwa, naye ndovu akaachwa aende zake. Sivyo. Pembe ni jino, na kadiri ya theluthi yake imezama ndani ya fuvu. Mwizi hataki kuacha hata kipande, basi huua kwanza, kisha huupasua uso. Tena wenye pembe kubwa ndio wakubwa wa umri. Na katika kabila la ndovu, jike mkongwe ndiye mkuu wa nyumba. Ndiye akumbukaye maji yalipatikana wapi mwaka ule wa ukame mkuu, nao wengine humfuata. Jike huchukua mimba miezi 22, na mtoto anyonyaye akifiwa na mama yake ni mara chache aishi. Kwa hiyo risasi moja huua wawili, na kundi lililobaki huwa kama nyumba iliyofiwa na bibi, ambayo hakuna tena ajuaye mbegu zimewekwa wapi. Torati iliwakataza Waisraeli kumtwaa ndege mama pamoja na makinda yake kiotani. Sheria iliyojali kiota cha ndege haikuwa sheria ya upuuzi. Ilimfundisha mtu ajizuie, asile leo na kesho kwa pamoja.

Huko Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, yametokea ya ajabu zaidi. Wakati wa vita vya mwaka 1977 hata 1992, ndovu wa Gorongosa waliuawa kwa ajili ya pembe na nyama, hata katika kila kumi wakaangamia tisa na zaidi. Vita vilipokwisha ilionekana kwamba yapata nusu ya majike waliosalia hawana pembe kabisa, ambapo zamani walikuwa kama mmoja katika watano. Mwaka 2021 wataalamu wakaeleza sababu: wenye pembe waliuawa, wasio nazo wakapona wakazaa, na mabinti wengi wakarithi umbo la mama zao. Basi tamaa ya mwanadamu imeacha alama hata katika mwili wa mnyama ambaye hajazaliwa.

Sasa turudi kijijini, maana habari za mbali ni rahisi kuzihukumu. Tulikuwa tukifundisha katika kijiji kilicho kando ya pori, miaka ile ile ya hesabu tuliyoitaja. Siku moja walikuja wageni watatu, wakasema watafuta mbao. Walikaa kwa adabu, wakasalimu wazee. Kwa mama mmoja mjane walinunua unga debe nne, wakalipa bei aliyoitaja pasipo kupatana. Walimtafuta kijana ajuaye mapito ya porini, wakampata. Baada ya siku kumi wakaondoka usiku. Mwezi uliofuata walirudi tena na debe zikawa nane, na mbao hapana aliyeziona. Usiku, upepo ukivuma kutoka kusini, tulisikia milio. Asubuhi tulikutana njiani tukaulizana habari za mvua.

Katika vijana waliofuatana nao alikuwamo mmoja tuliyemfundisha sisi wenyewe. Alikuwa hodari wa hesabu, naye aliacha shule kwa kukosa ada. Baada ya miezi michache alirudi amepanda pikipiki mpya. Sisi waalimu tulitoka darasani tukaizunguka, tukagusa taa zake, tukasema, "Hongera, kijana." Hatukumwuliza ameipata wapi. Kwa nini tumwulize jambo tulilolijua?

Alikamatwa mwaka uliofuata akiwa na pembe mbili ndani ya gunia la ufuta. Wageni wale watatu hawakukamatwa siku ile, wala hatujasikia habari zao tena. Tulipokwenda kumwona mahabusu alitutazama kwa mshangao wa kweli, si wa kujifanya, akasema, "Sikuua mimi, Mwalimu. Nilibeba tu."

Nilibeba tu. Ndugu, tumelifikiri neno hilo miaka mingi, na kila tunapolifikiri twaona kwamba kijana yule hakulibuni. Alilikuta limekwisha tumika. Mama mjane asema, "Niliuza unga tu." Aliyeongoza njia asema, "Nilionyesha mapito tu." Dereva asema, "Niliendesha tu, sikufungua magunia." Karani asema, "Nilipiga muhuri tu, karatasi zilikuwa sawa." Tajiri wa mjini asema, "Mimi sijafika porini hata siku moja. Nilipokea mzigo tu." Naye bibi aliye mbali, avaaye bangili nyeupe, asema, "Niliikuta dukani, nikanunua tu." Hata aliyefyatua bunduki analo la kusema: "Nilitumwa tu, bunduki si yangu, wala pembe si zangu." Basi ndovu amekufa, na hapana aliyemwua.

Hapa ndipo penye shauri la maneno yetu. Watu wamwekapo mgonjwa juu ya machela wakamchukua wanane, uzito hugawanyika, kila mmoja akaona ni mwepesi. Tumezoea kudhani kwamba hatia nayo ni hivyo. Tukiwa wanane, kila mmoja atachukua sehemu ndogo isiyomwumiza bega. Lakini hatia haichukuliwi kwa machela. Itazame kama mnyororo. Pete moja ya mnyororo haiwezi kusema, "Mimi ni pete ndogo," kwa maana ikikatika hiyo moja, mzigo wote huanguka. Kama mama yule angekataa kuuza unga, na jirani yake akakataa, wageni wale wasingekaa siku kumi. Kama kijana asingebeba, pembe zingeozea chini ya mti. Kama karani angefungua sanduku, meli isingeondoka nazo. Kila mmoja alikuwa na uwezo wa kulizuia jambo zima. Kwa hiyo kila mmoja analo jambo zima mkononi mwake.

Hatusemi kwamba wote ni sawa. Hakimu mwenye haki hutazama njaa na shibe, hutazama aliyejua sana na aliyejua kidogo. Mama mjane alikuwa na watoto wanne na ghala tupu. Tajiri wa mjini alikuwa na nyumba tatu. Mwenye nuru zaidi ndiye mwenye deni kubwa zaidi. Lakini kulipa kidogo si kutodaiwa. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nasi tumejifunza kulitia neno "tu" mahali pa usufi, ili mzigo wetu wenyewe uonekane mwepesi.

Tena jambo hili si geni katika nchi yetu. Katika karne ya kumi na tisa misafara ilitoka Ujiji na Tabora hata Bagamoyo, na kutoka nchi za ziwa Nyasa hata Kilwa. Pembe zilichukuliwa mabegani, wengine wakiwa wapagazi wa ujira, wengine watumwa. Hamed bin Muhammed, yule aliyeitwa Tippu Tip, alipata utajiri wake kwa pembe na kwa watu. Pembe zile zilivuka bahari kutoka Unguja, zikawa bangili huko Bara Hindi, na huko Ulaya na Marekani zikawa vipini vya visu, mipira ya mchezo wa biliadi, na vitufe vyeupe vya piano. Bibi aliyepiga piano jioni katika nyumba yake yenye taa hakusikia kilio cha njiani. Naye bila shaka alikuwa mtu mwema. Nabii Amosi alikwisha kuwakemea wale waliojinyosha juu ya vitanda vya pembe wala hawakuhuzunika kwa maangamizi ya watu wao. Twaona basi kwamba tangu kale pembe huenda mbali, lakini damu yake hubaki ilikomwagika.

Na wasimamizi wa mali je? Mwaka 2013, katika nyumba moja ya Mikocheni, Dar es Salaam, vilikutwa vipande vya pembe 706, vimefichwa magunini pamoja na makombe na vitunguu saumu. Pembe hazina miguu. Zilipita barabara zetu, zikapita vizuizi vyetu. Mwaka 2019, mwezi wa Februari, mahakama ya Kisutu ilimhukumu mwanamke mfanyabiashara kutoka China kifungo cha miaka 15 kwa biashara hii, na pamoja naye Watanzania wawili. Watu walipenda kumtaja yule mgeni, wakawasahau wale wawili. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Mgeni hajui mapito ya porini, wala hajui ni nani anayeshindwa kulipa ada.

Twajua kwamba wako watakaotujibu, nao wana haki ya kusikiwa.

Wa kwanza atasema, "Ninyi waalimu mwala mshahara. Hamjui ndovu alivyo kwa mkulima." Ndugu, twajua. Tumelala dunguni wakati wa mpunga, tukapiga madebe usiku kucha, na asubuhi tukakuta shamba limekuwa kama uwanja uliochezewa ngoma. Tumezika jirani aliyekanyagwa njiani alfajiri. Kanuni za Serikali za mwaka 2011 ziliagiza mkulima aliyeharibiwa mazao apewe kifuta jasho, na waliofiwa wapewe kifuta machozi. Majina hayo yenyewe yakiri kwamba fedha hizo si malipo; zafuta tu kilichotoka usoni. Tena mara nyingi zafika jasho limekwisha kukauka. Anayetaka ndovu waishi yampasa asimame upande wa mkulima kwa nguvu ile ile, kwa kuwa si haki dunia nzima ifurahie ndovu, na gharama yake ilipwe na debe la mahindi la mtu mmoja. Lakini fikirini neno hili: mwizi wa pembe hamfuati ndovu aliyekula mpunga wako. Amfuata mwenye pembe ndefu, hata akiwa mbali mwendo wa siku tatu na hajapata kuona shamba. Naye akiisha kuuza hakuletei hata pishi moja ya mbegu. Basi asijitie kuwa mlipiza kisasi wako.

Wa pili atasema, "Pori lilikuwa letu. Wazungu walipokuja walijipa leseni wakapiga ndovu kwa fahari, na babu zetu waliowinda wakaitwa wezi." Hilo nalo ni kweli, wala hatutalificha. Yule Frederick Selous, ambaye pori lile lilipewa jina lake baada ya kuuawa vitani Beho Beho mwaka 1917, mwenyewe alikuwa mwindaji mashuhuri wa ndovu. Na katika miaka ya 1940 watu wengi wa upande wa Liwale walihamishwa makwao, na mashamba yao yakawa pori. Dhuluma ile ilikuwa dhuluma. Lakini mtu aliyenyang'anywa ng'ombe wa baba yake, je, humrudisha kwa kumwuza yule aliyebaki kwa mgeni apitaye usiku? Ikiwa pori lilikuwa letu, basi ndovu ni urithi wetu, na aibu ya kumwuza ni kubwa zaidi kwetu kuliko kwa mtu mwingine ye yote.

Wa tatu atasema, "Tulijaribu kusaidia Serikali, tukapigwa." Mwezi wa Oktoba mwaka 2013 ilianzishwa kazi iliyoitwa Operesheni Tokomeza. Nia yake ilikuwa njema, kuwakamata wauaji wa ndovu. Lakini wengi wa waliotumwa walisahau kwamba walitumwa kulinda. Watu walipigwa na kuteswa, nyumba zikachomwa, mifugo ikauawa, na wako waliopoteza maisha. Kazi ile ikasimamishwa, Bunge likachunguza, na mwezi wa Desemba mawaziri wanne wakaondoka katika nafasi zao. Hapa pana fundisho kwa wote wenye mamlaka, hata mwalimu mwenye fimbo: haki haijengwi kwa matofali ya dhuluma. Tena kijiji kilichopigwa hufunga kinywa, na mwizi hapendi kitu kama kijiji kilichofunga kinywa.

Wa nne atauliza kwa akili, "Mbona pembe zilizokwisha kupatikana zisiuzwe, fedha zikajenge shule? Kwa nini Kenya wachome mali?" Ni kweli kwamba mwaka 1989 Rais Moi alichoma tani 12 za pembe, na tarehe 30 Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta alichoma tani 105 katika mbuga ya Nairobi. Wengi walilia kwa hasara hiyo. Hatuwadharau wanaosema bora kuuza. Nchi za kusini ya Afrika ziliruhusiwa kuuza akiba zao mwaka 1999 na tena mwaka 2008, na fedha zikaahidiwa kwa ulinzi wa wanyama. Lakini pembe halali na pembe ya wizi, zikiisha kuchongwa, hufanana kama mapacha, na duka lenye ruhusa ya kuuza moja huweza kuuza na nyingine chini yake. Sisi twaona hivi: mali ambayo bei yake ikipanda huita bunduki, si mali ya kujengea shule. Pia fikirini jambo lililofanyika China yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2017 Serikali yao ilifunga biashara ya pembe ndani ya nchi. Hapo mnunuzi aliambiwa asiseme tena, "Nilinunua tu." Twaamini kwamba hilo lilikuwa msaada mkubwa kwa ndovu wetu kuliko bunduki nyingi. Tanzania nayo ikawafuatia wakubwa wa biashara badala ya wabebaji peke yao, na mwaka 2019 Serikali ilitangaza kwamba ndovu wamekwisha kupita 60,000. Pete mbili tatu zilipokatika, mnyororo ulilegea.

Hoja iliyobaki ni ile ambayo watu hawaisemi kwa sauti, nayo ndiyo kubwa kuliko zote: hofu. Hatuwezi kuwacheka wanaoogopa. Wako askari wa wanyamapori waliouawa kazini, wakaacha watoto. Mwezi wa Agosti mwaka 2017 Wayne Lotter, aliyesaidia kazi ya kuwanasa wakubwa wa biashara ya pembe, alipigwa risasi akafa njiani katika mji wa Dar es Salaam. Mtu akisoma hayo, kisha akasikia milio usiku, ni nani atakayemlaumu akijifunika shuka?

Lakini hapa tumeona neno moja ambalo latufariji. Tulisema kwamba hatia haigawanyiki. Hofu hugawanyika. Mtu mmoja akienda kwa afisa kusema, atajulikana kwa jina lake. Kijiji kizima kikisema katika mkutano, nani atalipiziwa kisasi? Mama mmoja akikataa kuuza unga, atachukiwa. Mama wote wakikataa, wageni watahama. Waovu wamekwisha kuijua hekima hiyo: waligawa kazi yao vipande vidogo vidogo, ili kila mmoja aweze kuifanya pasipo kutetemeka. Mbona sisi tusigawe ujasiri vivyo hivyo? Mmoja asiuze, mwingine asibebe, mwingine apeleke habari, mwingine afuatane naye njiani, mwingine akae na watoto wao. Kila sehemu ni ndogo, lakini zikijumlishwa huwa ukuta.

Tena yako mambo ya mikono yaliyo karibu nasi. Ndovu huogopa nyuki, na katika Kenya na Tanzania wakulima wametundika mizinga kwenye waya kuzunguka mashamba. Ndovu akiigusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka, tena mwenye shamba hupata asali. Wengine hupaka kamba oili chafu iliyochanganywa na pilipili. Hazishindi kila usiku, lakini shamba lililolindwa hupunguza chuki, na chuki ikipungua mwizi hukosa mwenyeji. Ada ya kijana hodari nayo ni ukuta. Kama sisi waalimu na wazee wa kanisa tungalichanga ada ya kijana yule, fedha ambayo haikufikia hata nusu ya bei ya pikipiki, labda wageni wale wasingalimpata.

Twamalizia kwa habari yake. Kabla ya hukumu, mama yake alitujia na karatasi, akatuomba tuandike habari za mwenendo wake ili hakimu amhurumie. Tuliandika kwamba ni kijana mtulivu, mwenye bidii, hajapata kuiba kalamu ya mwenziwe. Kila neno lilikuwa kweli. Hatukuandika kwamba milio tuliisikia, wala kwamba pikipiki tuliigusa tukamwambia hongera. Alifungwa. Amekwisha kutoka sasa, na Jumapili ya kwanza alikaa benchi la nyuma. Tulipotoka alisimama akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Tuliitikia, "Marahaba," lakini macho yetu yalikuwa yakitazama chini. Yeye alikuwa amelipa sehemu yake. Sisi tulikuwa bado.

Basi, mwanetu uliyeuliza swali lile darasani, jibu lako ni hili, nawe utusamehe kwa kukuchelewesha. Aliyejua akanyamaza yuko upande wa aliyeua, mpaka siku atakapofungua kinywa. Sisi tulijua, tukanyamaza. Leo tumesema, wala hatutaandika kwamba tulinyamaza tu.